Sifa Saba za Ukuta wa Mfalme Kiboko

Kitendawili. Sema tega, mwenzangu, usinitumbulie macho tu. Babu amebeba ziwa mgongoni wala haulizi uzito. Akitoka jasho safi nacheka, akitoka jasho la tope nafunga virago.

Umeshindwa? Nipe mji, basi. Haya, nimeupokea, na wenyeji wake wamenikaribisha vizuri. Jibu ni ukuta wa bwawa, na bwawa lenyewe ni la Mfalme Kiboko wa Majimarefu.

Lilikuwa bwawa la starehe, la kuogelea na kupandia mitumbwi, lake yeye na wageni wake. Raia waliruhusiwa kulitazama siku za Ijumaa, kwa mbali, wakiwa wameshaoga kwingine.

Bondeni, chini ya ukuta wa udongo uliozuia maji hayo, aliishi Mama Fuko na wanawe wanne. Macho hakuwa nayo ya kujivunia, lakini udongo aliujua kama mpishi anavyoujua unga. Siku moja, akipanua chumba cha watoto, akagusa unyevu. Akaonja: maji safi. Hakujali, kila ukuta wa udongo hutoka jasho kidogo. Wiki ya pili maji yakazidi. Wiki ya tatu akaonja tena, na mchanga ukamlia menoni. Hapo akajua kwamba ukuta unaliwa kutoka ndani, punje kwa punje, na kwamba siku ukikatika, watu wa kwanza kusombwa ni hao wanne waliolala miguuni pake.

Akaenda barazani.

Sasa, Majimarefu walikuwa na desturi yao: mwenye habari mbaya sharti atangulize sifa saba. Na Mfalme Kiboko alikuwa husinzia kwenye sifa ya tano. Ndiyo maana kwa miaka kumi na mmoja nchi ile haikupata habari mbaya hata moja, na majirani wakaionea kijicho. Shangazi yake Mama Fuko aliwahi kwenda kuripoti moto; alipofika sifa ya sita, nyumba ilikuwa majivu na Mfalme anakoroma.

Basi Mama Fuko sifa zake akazifinyanga mwenyewe.

"Sifa ya kwanza, Mtukufu," akasema, magoti chini. "Ukuta wako ni mkarimu. Sisi wa bondeni unatugawia maji hata bila kuomba."

Baraza likapiga makofi.

"Ya pili, ukarimu wake unakua. Juzi ilikuwa matone, leo ni mfereji."

Makofi tena. Mfalme akatabasamu, akajiweka sawa.

"Ya tatu, siku hizi hautupi maji matupu. Unachanganya na udongo wake wenyewe. Nani mwingine hutoa hata mwili wake?"

"Huyu mama anajua kusifu," Mfalme akamnong'oneza Bata Bukini, Mkaguzi Mkuu wa Ukuta.

"Ya nne: pale pembeni palipokuwa na njia ya kupunguzia maji mvua ikizidi, Mtukufu umepaziba, ukajenga jukwaa la ngoma. Tumbo lako halitagusa tope tena. Maji yote yatabaki, masika yote, yakiusukuma ukuta."

Bata Bukini akaacha kupiga makofi. Alikuwa mpole, Bata, lakini si mjinga.

"Mama Fuko," akasema, "ukuta naukagua mimi kila mwezi. Uko imara."

"Unaukagua ukiwa wapi, mzee wangu?"

"Nikiwa majini, naelea mbele yake."

"Basi umekagua uso. Njoo siku moja ukague mgongo."

"Kipofu ananifundisha kutazama!" Bata akadakia. Baraza likaangua kicheko, na Mfalme akacheka kuliko wote.

Mama Fuko akangoja kicheko kiishe. "Sifa tatu nilizobakiza nitazileta ukuta ukiwa bado umesimama. Leo nina swali tu, Mtukufu. Bwawa ni la nani?"

"Langu."

"Na maji yaliyomo?"

"Yangu, mpaka tone la mwisho."

"Na yakitoka yakaja kwetu, yatakuwa ya nani?"

Mfalme akapiga mwayo mpana na kuuliza kama mtumbwi wake uko tayari.

Mama Fuko hakusubiri. Alipita mlango kwa mlango bondeni: kwa Panya, kwa Kanga, kwa Digidigi mwenye mimba. "Panda kilimani, dada. Hapana, sufuria hiyo iache. Haya, ichukue, lakini twende." Wengine walinung'unika kwamba mkaguzi amesema uko imara. "Mkaguzi ana mabawa," akawajibu, nao wakaelewa.

Siku tatu mvua ikanyesha. Ya nne, mchana, ngoma ikiwa imenoga jukwaani, ukuta ukajikunja katikati kama mzee anayetafuta pa kukaa. Maji yakashuka na nyumba zote za bondeni. Bata akaruka. Wageni wakakimbilia ng'ambo. Mfalme Kiboko akabaki katikati ya tope lililomfika kifuani, jua likatoka, ngozi ikaanza kumkaza.

Raia wakashuka na kamba. Wakamfunga vizuri, kwa adabu, kisha wakasimama.

"Vuteni," akasema Mfalme.

"Tutavuta, Mtukufu, na mtoni tutakufikisha," Mama Fuko akasema. "Ila hatuna pa kulala, na atakayezijenga nyumba zetu ni mwenye yale maji. Ndiye tunayemtafuta."

Bata Bukini, kutoka juu ya mti, akawahi. "Yalikuwa ya taifa! Mvua ni ya Mungu na mafuriko ni ya wote!"

Hakuna aliyegeuka. Mfalme akatazama kushoto, akatazama kulia. Ngozi ya mgongo ikapasuka kidogo, akajaribu kujikuna, asipafikie. Kamba ilikuwa imelegea mikononi mwa watu, na hakuna aliyekuwa na haraka.

"Yangu," akasema.