Injini ya Mashindano ya Baba Sufiani

Shaaban, fundi cherehani wa Ngokolo, aliingia tena dukani kwa Zuhra na filta ya oili mkononi, akaiweka mezani taratibu kama anayerudisha mtoto wa watu kwao.

"Hii nayo imekataa, Mama Samia."

Zuhra alikuwa akiuza vipuri vya magari karibu na stendi ya Shinyanga tangu aachane na mumewe, na hakukuwa na filta iliyowahi kumshinda. Alimtazama mteja wake kuanzia kola iliyonyooka hadi suruali iliyopigwa pasi mpaka mkunjo ukawa kama makali ya kisu.

"Umeijaribu kweli, Baba Sufiani, au umeionyesha gari kwa mbali?"

"Nimeijaribu wallahi."

Nelly, muuza matairi wa duka la pili, akakohoa kikohozi kisicho na mafua. Tangu mkewe Shaaban afariki, hakuna aliyemwona akitoka kwenye cherehani yake mara nyingi hivyo.

Gari lenyewe Ngokolo nzima ililijua. Lilikuwa Datsun nyekundu ya miaka ya sabini, gari la michezo la milango miwili, lenye pua ndefu kama ya mamba. Shaaban alipewa na kaka yake Salmini, mfanyabiashara wa dhahabu wa Geita, ambaye duara lake, yaani shimo la kuchimbia, lilipotema dhahabu alijinunulia gari jipya refu la kupandia ngazi. Salmini aliapa kwamba injini iliyomo si ile ya kiwandani. Ni ya mashindano, imefungwa maalumu. Ukimuuliza ni ya mashindano gani, anakukonyeza.

Ajabu ni kwamba gari hilo la mashindano likifika kilomita sabini kwa saa, linagoma. Linanguruma, linatetemeka, lakini haliongezi hata moja. Kwenye barabara ya Kishapu bodaboda ilimpita Shaaban ikiwa na abiria wawili na mbuzi, na mbuzi akageuza shingo kumwangalia.

"Leo nafunga duka," Zuhra alisema. "Twende nikaione hiyo mashindano kwa macho yangu."

Walilikuta uani kwa Shaaban, chini ya kibanda cha bati, linang'aa kama bwana harusi. Zuhra akafungua boneti, akainama, kisha akainuka mdomo umebana.

"Hebu hesabu plagi."

"Moja, mbili, tatu, nne."

"Gari hili lilizaliwa na sita. Na tazama hapa mbele palivyobaki patupu! Kuku anaweza kutamia."

"Alishatamia," Shaaban alijibu kwa masikitiko. "Mwezi uliopita nilitoa mayai kumi na moja."

Zuhra alitaka kujizuia, lakini kicheko hakikumwomba ruhusa. Alicheka mpaka akakaa juu ya bampa, machozi yakimtiririka, na kila alipomtazama Shaaban aliyesimama wima kama shahidi mahakamani, kikaanza upya. Mwishowe Shaaban naye akacheka, kwanza puani, halafu mabega yote mawili.

"Sasa tujue ni ya nini," Zuhra alisema akipangusa macho kwa mtandio. "Kila injini ina alama yake ubavuni. Leta mafuta ya taa na mswaki wa zamani."

Uchafu ulikuwa umeganda kwenye injini kama ukoko wa ugali. Shaaban, ambaye hakuwahi kuonekana na doa, alivua koti, akakunja mikono ya shati, akaingiza kichwa upande mmoja. Zuhra aliingiza cha kwake upande wa pili. Walisugua wakigongana viwiko, wakaombana radhi, wakagongana tena, safari hii bila kuombana radhi. Kwanza ikatokea herufi H, kisha mbili, kisha sifuri.

Zuhra akaacha kusugua.

"Nini, Mama Samia?"

"Ngoja, nisije nikamsingizia kaka yako. Una mafuta ya kutufikisha Kishapu?"

Walikwenda kwa kilomita sabini zilezile, vioo viko chini, vumbi la mashamba ya pamba likiwapaka poda bure. Zuhra alimpeleka kwenye jineri moja, kiwanda cha kuchambulia pamba, ambako mtunza stoo aliitwa Maige, mteja wake wa siku nyingi.

"Mwadila, mayo!" Maige alimsalimu kwa Kisukuma. "Umeniletea nini?"

"Swali. Nifungulie ile folklifti yako."

Maige aliwapeleka kwenye mashine ya kunyanyulia marobota ya pamba, akainua kiti chake. Chini yake ilikuwa injini ya plagi nne, na ubavuni, wazi kabisa, H20. Shaaban alikwenda kwenye Datsun, akatazama, akarudi kwenye folklifti, akatazama, akaenda tena. Maige akatoa filta mpya stoo. Shaaban alipiga magoti, akaifunga kwenye gari lake, ikaingia kama kidole kwenye pete.

"Gashi!" Maige akapiga makofi. "Kumbe mmekuja na folklifti nyekundu!"

Wapakiaji wakaacha marobota, wakalizunguka gari. Mmoja akaomba linyanyue walau robota moja waone. Shaaban akatoa simu, akampigia kaka yake na kuweka sauti ya juu.

"Salmini, ile injini yako ya mashindano ni ya folklifti."

Kwenye simu zilisikika kelele za Geita: honi, redio, mtu akitangaza bei.

"Folklifti?" Salmini aliuliza, sauti imenywea. "Uko na watu hapo?"

"Nipo na jineri nzima."

"Mdogo wangu, nakuomba kwa jina la mama, huku Geita isifike!"

Kicheko kilichopasuka pale labda kilifika Geita bila simu.

Zuhra alikuwa amesharudi kwenye boneti. Aliwaonyesha kidude kilichoungwa kwenye kabureta. "Hii ni gavana. Folklifti ikikimbia na mzigo itaua mtu, kwa hiyo wanaizuia. Baba Sufiani, gari lako halikuwa goigoi. Lilikuwa limefungwa kamba." Akaazima spana kwa Maige, akakifungua.

Waliporudi barabarani Shaaban alikanyaga mafuta kwa woga. Sabini. Injini ikavuta pumzi, ikapita. Themanini. Tisini! Bodaboda iliyokuwa mbele ikawa nyuma.

"Tumempita!" alipiga kelele. "Zuhra, umeona? Tumempita!"

Zuhra. Siku zote alikuwa Mama Samia. Alilisikia jina lake likiingia mwilini kama maji ya baridi mchana wa jua, akageukia dirishani ili meno yake yasionekane yote.

Walifika Shinyanga, na hakuna aliyesema wasimame. Wakapitiliza mji, wakashika njia ya Didia. Injini ilipiga kelele hata mtu asijisikie, na Shaaban alikuwa akisema kitu.

"Sisikii!" Zuhra akajibu.

Akarudia.

"Bado sisikii!"

Walikuwa wamefika kwenye matuta ya Didia. Shaaban akaachia mafuta, injini ikanyamaza, na maneno aliyokuwa ameyavutia pumzi yakatoka peke yake mbele ya soko zima:

"Nasema nataka kukuoa!"

Wauza viazi wakageuka. Kigelegele kimoja kikapanda, vingine vikakidaka. Zuhra alijifunika uso kwa mtandio unaonuka mafuta ya taa, akasema kutokea ndani yake, "Kaka yangu yupo. Mtu hutuma mshenga, hapigi mnada."

"Mshenga ni mimi!" Mama mmoja muuza karanga alikuwa ameshafika mlangoni. "Naitwa Mama Rosemary, nimeshaozesha watu mpaka Ushirombo. Mlango wa nyuma uko wapi?"

"Mama, shikamoo. Halina mlango wa nyuma," Shaaban alisema.

"Marahaba. Basi nifungulieni kwa mizigo."

Wakamfungulia. Akapanda na gunia lake la karanga, akakunja miguu, akampiga Shaaban begani kutokea nyuma. "Haya, bwana harusi, kanyaga! Huyu kaka mtu asije akalala."