Uzito wa Mansur

Nakutegea, wewe uliyekaa vizuri na kikombe chako mkononi: kitu gani huzidi uzito na hakizidi ukubwa? Utasema gunia la mkaa lililonyeshewa. Umejitahidi, lakini mji bado nakudai. Jibu ni Mansur, mtoto wa Amito. Miezi kumi na moja, meno manne, kilo themanini na mbili.

Kilo hizo zilipimwa Jumatano moja ya mwaka wa sabini na sita, kwenye kliniki ya watoto upande wa Nsambya. Nesi alimtia Mansur katika mfuko wa mzani, ndoana ikanyooka, mfuko ukatua sakafuni na mtoto ndani, na mtoto akacheka. Ikabidi uletwe mzani wa magunia kutoka stoo. Nesi akasoma, akaandika, na kwa kuwa mistari ya kadi iliishia kilo ishirini, akabandika kipande cha karatasi kwa juu.

"Nnyabo, mama, punguza uji," alisema. "Na mwezi ujao jaribu kliniki nyingine. Sisi ndoana tulikuwa nayo hiyo moja."

Amito akamfunga mtoto mgongoni kwa leso mbili, akamshika mkono binti yake Kaltumi wa miaka mitano, akapanda kilima akipumzika kila baada ya nyumba tatu. Wanawake waliokaa kwenye foleni walivuta miguu yao ndani alipopita.

Alikaa katika nyumba za mstari za serikali, chumba na sebule, bomba moja la maji kwa milango kumi na miwili. Kazi zake zilikuwa zile zile za kila mama: kuwasha sigiri, kukoroga uji, kufua nepi, kumtoa mchanga mdomoni huyu na kumvalisha yule. Tofauti ni kwamba Mansur alilala chini kwa sababu kitanda kilishavunjika, na alipotambaa vikombe vya jirani vililia kabatini.

Jirani huyo aliitwa Atim, na hakuwa mtu wa kunyamaza.

"Mama Kaltumi, toa mtoto yako kwa benchi yetu," alisema mbele ya wenzake bombani. "Hii si benchi ya ng'ombe. Mtoto ya kwetu inakula posho. Ya kwako inakula nini?"

Wenzake walicheka. Hakuna aliyengoja jibu, kwa sababu wote walijua kazi ya Abudu, mume wa Amito. Alichukuliwa kila asubuhi na gari lisilo na namba, akapelekwa kwenye ofisi isiyo na kibao.

Mambo yalianza Machi. Siku hiyo Amito alikuwa anakoroga uji, mtoto mgongoni, saa nne asubuhi, mtoto akawa mzito ghafla, magoti yakakunjika. Akashika ukuta, akamaliza kukoroga, maana uji ukiachwa hufanya mabonge. Kesho yake ililetwa maiti ya Khisa, karani aliyekaa mlango wa mwisho, aliyekuwa amechukuliwa siku mbili kabla. Amito aliwatazama wanaume waliobeba lile jeneza. Walikuwa wanatembea vile vile alivyokuwa anatembea yeye tangu jana. Basi akajua ni nani aliyempanda mtoto. Khisa alikaa kwa Mansur siku nne. Alipopanda mwingine, Khisa alishuka, na mambo yakaendelea hivyo, mmoja akija, mwenzake akiondoka.

Abudu hakuwahi kumnyanyua mtoto. Alirudi jioni, akavua saa ambayo asubuhi hakutoka nayo, akanawa mikono.

"Mtoto yangu ana afya. Watu wana wivu," alisema. Kisha akaongeza, bila kuinua macho kwenye sahani, "Na wewe jua kwa nini hii mlango haigongwi."

Amito alijua. Yeye alikuwa Mwacholi, kabila lililokuwa likiwindwa na serikali, na kaka zake wawili walishakimbia kuvuka mpaka. Jina la Abudu ndilo lililoyazuia magari mengine yasisimame mlangoni kwake.

Sasa, Abudu alishikwa na malaria, akalala wiki mbili. Kwa hiyo kwa wiki mbili yule aliyekuwa kwa Mansur hakupata wa kumpokea. Alhamisi, kesho yake baada ya kliniki, Abudu alipata nafuu, akarudi kazini. Mchana huohuo mwanamke mmoja wa Kiislamu akaingia uani amevaa buibui, akapita bombani bila salamu, akasimama mbele ya karai la Amito.

"Wewe ndiye mwenye mtoto mzito?"

"Mimi hapana jua wewe," Amito akasema.

"Naitwa Rahima. Mume wangu ni Uthman, mwenye duka la vitambaa Mengo. Walimchukua wiki tatu sasa, anampimia mteja, futi bado iko mkononi."

"Bwana yangu iko kazini. Kwenda."

"Sikuja kwa bwana yako. Nimesikia wanaochukuliwa humpandia mtoto wako. Mtoto yuko wapi?"

Mtoto alikuwa kwenye mkeka hapo mlangoni, anatafuna kijiko. Rahima akapiga goti, akapitisha mkono mmoja chini ya mabega na mwingine chini ya nyonga, akamnyanyua bila kuguna. Bombani wakaacha ndoo zikafurika.

"Mume wangu aliwahi kupata kiharusi," Rahima alisema. "Miaka miwili nilimgeuza kitandani asubuhi na jioni. Huyu analalia kushoto, kama yeye."

Ni kweli, Mansur alikuwa analalia kushoto. Kwa wiki mbili Amito alikuwa akifunga leso juu zaidi upande huo.

"Ndiye," Rahima akasema, kama mtu aliyeoneshwa mzigo wake stesheni.

"Basi chukua, enda naye!" Atim akapiga kelele, na wenzake wakacheka tena.

Rahima hakugeuka. "Mama, nisikilize. Shehe wetu hataki uzito kuwa ushahidi, anataka neno la mtu. Kwetu mwanamke akifiwa hukaa eda, anajifungia ndani miezi minne na siku kumi, na huanza siku ile aliyokufa mume. Nikikaa naye yu hai, nimemzika mzima. Nisipokaa, natembea sokoni mjane nisiyejijua. Wewe ndiye unayembeba. Alipanda siku gani?"

"Chai iko," Amito akasema.

"Sikuja kunywa chai yako. Sukari yenyewe najua imetoka duka la nani. Siku gani?"

Amito akarudi kwenye karai. Akaisuuza nepi moja mara tatu, na ilikuwa imetakata tangu mara ya kwanza. Bombani palikuwa na wanawake sita. Akisema, mmoja wao angemwambia Abudu kabla hajavua viatu.

Rahima akaketi mkekani na mumewe mapajani, akampembeza. Kaltumi akaja kumtazama.

"Mama, huyu anabeba Mansur na haanguki!"

Ilipofika saa kumi mikono ya Rahima iliruka juu, kama ya mtu aliyenyanyua ndoo akidhani imejaa.

"Ameshuka," alisema.

Kwa muda wa pumzi mbili Mansur alikuwa na uzito wa mtoto wa miezi kumi na moja. Amito aliacha karai akaja kumpokea, mikono ina povu, lakini alichelewa. Mwingine alishapanda. Rahima alimpima kwa mikono, akatikisa kichwa.

"Si wangu. Huyu mwembamba, mifupa mitupu. Huyu hata kuoa hajaoa."

Akamlaza mkekani taratibu, akamfunika miguu. Bombani hakuna aliyecheka. Atim alichukua ndoo yake iliyojaa nusu, akaenda ndani akafunga mlango. Wengine walibaki, masikio yamesimama. Rahima akatengeneza buibui lake, akaanza kuondoka. Hakuuliza tena.

Amito akamfunga Mansur mgongoni, akayumba, akasimama sawa.

"Jumanne," akasema, kwa sauti iliyofika bombani. "Jumanne ya wiki juzi, saa tisa mchana. Mimi nilikuwa naanika nepi."