Glovu za Siku ya Ukaguzi

Mbuke aliuingiza mkono wa kulia kwenye glovu polepole, kidole baada ya kidole, kama anayemvisha soksi mtoto aliyelala. Alipofika kwenye gumba aliung'ata mdomo. Kidonda kilianzia chini ya gumba hilo kikashuka hadi kiganjani, kingo zimevimba, na kitambaa alichokifungia kilikuwa kimegandia humo.

Glovu zilikuwa mpya, bado zina harufu ya boksi. Donatus, msimamizi, alikuwa ametoka kuzitoa kabatini kwake, pamoja na gambuti nyeupe, aproni na vile vikofia vya wavu.

"Mtu asinichanie," alisema akigawa. "Mkaguzi akiondoka tu zinarudi. Na nywele zote ndani, Asteria, huendi harusini."

"Harusi gani ya kuvaa gambuti, bosi?"

Wanawake wakacheka. Mbuke naye akacheka kidogo.

Siku nyingine zote walikata nyama mikono mitupu. Mafuta ya ng'ombe yanateleza, kisu nacho kinateleza, na mfupa uliopasuka una ncha kama sindano. Ndivyo alivyochanika, kwenye meza hiyohiyo, gari la kupeleka nyama kwa wachimbaji wa Bugarama likiwa linapiga honi nje. Donatus alimrushia kitambaa cha kufutia meza. "Funga, endelea."

Akaendelea. Nyumbani kulikuwa na Jilala, mumewe, ambaye tangu shimo la dhahabu limwangukie kule Segese hawezi kujigeuza kitandani bila kushikwa. Leo Mbuke alitaka jambo moja tu: mkaguzi apite, aende zake.

Mkaguzi alikuwa mzee, mvi hadi kwenye nyusi, koti lake jeupe limenyooshwa pasi mpaka mikononi. Alitazama viatu, akatazama kofia. Kila mwanamke alinyoosha mikono yenye glovu, naye akaitikia kwa kichwa. Alipofika kwa Mbuke akatabasamu.

"Mwangaluka, mayu."

Salamu ya asubuhi ya kwao, na kuitwa mama kwa lugha ya nyumbani, humu ndani! Mbuke hakupata hata muda wa kufikiri. Tangu utotoni alifundishwa kwamba mkubwa hapewi mkono uliofunikwa. Bibi yake alikuwa akimchapa hata ikiwa ni ncha tu ya kanga iliyoziba kiganja. Magoti yakakunjika yenyewe. Mkono wa kushoto ukaivuta glovu ya kulia, ikachomoka.

"Mwangaluka, baba."

Kitambaa kikatoka pamoja na glovu.

Mzee alikwisha kunyoosha mkono wake. Akaurudisha, akauweka mgongoni.

"Nini hicho?"

"Nimejikata, baba."

"Umejikatia wapi? Hapa? Hukuvaa glovu?"

Mashine ya kusagia nyama ilikuwa imezimwa kwa ajili ya mgeni. Donatus alitazama dari. Asteria alimtazama Mbuke, na wenzake wote wakamtazama, macho yanamsihi. Kiwanda kikifungwa, meza nzima inarudi nyumbani.

"Nyumbani," Mbuke alisema, bado yuko magotini. "Nilikuwa napasua kuni."

Donatus akashusha pumzi. "Unaona, mzee? Humu tunawavisha kama madaktari. Shida ni huko wanakotoka."

"Mwenye kidonda hashiki chakula cha watu," mzee alisema kwa upole kabisa. "Ndiyo sheria, mayu. Kapone kwanza."

Mbuke alimgeukia Donatus. "Nikipona nitarudi?"

"Vua gambuti."

Nje ya geti walikaa wanawake wengine, kama kila siku, wakingoja kuitwa kibarua. Walimsogezea nafasi akae ajifunge mkono kwa kipande cha kanga. Gari la mkaguzi lilitoka likiwa na paja la ng'ombe nyuma, limefunikwa gazeti.

Haukupita muda Donatus akaja getini. Akamwita msichana mmoja, Rebeka.

"Onyesha mikono."

Msichana akaionyesha, akaigeuza. Haikuwa na kovu hata moja.

"Safi. Ingia."

Ndani ya uzio, glovu zilikwisha kusuuzwa, zimeanikwa kwenye waya, vidole vinatazama chini vikichuruzika maji. Moja ilikuwa imegeuzwa ndani nje na doa la njano halijatoka. Rebeka alipita chini yake. Tone likamdondokea shavuni, akalifuta. Mlangoni Donatus akamnyooshea kisu, naye akapiga goti, akakipokea kwa mikono miwili.