Kisu Kimoja cha Kuwekwa Kabatini

Chama cha mafundi wa visu hapa mjini Seki kilituma ujumbe kwamba kila karakana ilete kisu cha kukunja, kimoja tu, kiwekwe kwenye kabati la vioo ukumbini na jina la fundi chini yake. Mwisho jioni hii, maana tamasha ni kesho. Katibu alisema kabati likishafungwa halitafunguliwa tena mpaka jengo lianguke, na yule bwana hajawahi kutania mtu.

Baba yangu, Kiyoharu, ana aina nyingi za visu kuliko Mama alivyo na viatu, na Mama si mtu wa kuchezewa kwa viatu. Ungedhani kuchagua kimoja ni kazi ya kupepesa macho. Tangu asubuhi alikuwa amevipanga mezani, anakunjua, anakunja, anapumua. Supu yake ilipoa ikapashwa, ikapoa tena. Kilichomsumbua alikitamka mara moja tu, akiwa amenipa mgongo: watu watapita pale wakati yeye hayupo, watazame kisu kimoja, halafu waseme, kumbe ndiye huyu.

Mama alitaka Mbayuwayu, kile chenye mpini mwekundu, kwa sababu ndicho kilichonisomesha. Baba akakiri kwamba kiliuzika kweli, lakini hata sabuni inauzika. Mimi nikapendekeza cha pembe ya kulungu kilichopata tuzo. Akanijibu kwamba uzuri wote wa kisu kile ni kazi ya kulungu.

Ndipo akaingia Mzee Ginzo na kikapu cha kaki, matunda yale ya rangi ya chungwa tunayoyakausha. Huyu ni jirani yetu, naye fundi wa visu, na kila msimu wa majani kudondoka huja tumenye kaki pamoja na kuzianika upenuni mwa nyumba. Yeye na Baba wametukanana kupitia ukuta unaotenganisha nyumba zetu tangu ujana wao, na sijawahi kusikia mmoja akimsifu mwenzake hata kwa bahati mbaya. Akatazama meza, akauliza kama tunafunga biashara au tumeibiwa vile vizuri.

Mama akamkalisha barazani. Akatukataza kugusa visu vya mezani, maana utomvu wa kaki mbichi unatia chuma weusi usiotoka. Mzee Ginzo akaingiza mkono mfukoni, akatoa cha kwake, akaanza kumenya.

Nikakiona kabla ya Baba. Mpini wa mti mweusi, ribiti mbili, hakuna urembo wowote. Namba Nne, kisu chetu! Baba aliacha kukitengeneza baada ya wenye maduka kulalamika kwamba kinafanana na kitu kilichosahauliwa na fundi wa umeme. Bapa lake lilikuwa jeusi kwa utomvu wa misimu mingi.

Baba akaweka chini alichokuwa ameshika.

"Hicho umekitoa wapi?"

"Nilikinunua. Nilitaka nikitafutie kosa."

"Ukaliona?"

Mzee Ginzo akaendelea kumenya. Ganda la kaki lilikuwa likishuka kipande kimoja, refu, jembamba, mpaka likagusa sakafu.

"Bado natafuta," akasema.

Mama, ambaye huruma yake ina mipaka, akamwambia Baba naye atoe cha mfukoni mwake. Baba akajifanya kuhesabu kaki. Mama akarudia. Kikatoka: kisu kifupi chenye alama ya korongo, na kila mtu mtaani anajua korongo ni alama ya nani.

"Springi yake ngumu," Baba akasema.

"Na bado unakibeba."

"Nafanyisha kidole mazoezi, Ginzo."

Nilicheka hadi nikajikata, kwa kisu cha jikoni, aibu kubwa kwa nyumba kama yetu.

Baba alimwomba Mzee Ginzo ile Namba Nne aipeleke ukumbini. Akanyimwa. Kabati lina vioo, akaambiwa, halina kaki, tengeneza kingine. Basi Baba akaingia karakanani, akafukua kopo lenye mabapa yaliyobaki, mimi nikang'arisha, yeye akagonga ribiti. Mzee Ginzo alisimama mlangoni akitafuna na kusema ya pili imepinda. Haikupinda. Baba aliimaliza huku akiimba, halafu akanywa supu baridi bakuli zima.

Nilikipeleka kwa baiskeli kabla jua halijazama. Katibu akakigeuzageuza, akauliza kama nyumbani hakuna kizuri zaidi.

"Vipo vingi sana," nikamwambia.

Akakiweka. Pembeni yake kulikuwa na nafasi ya Mzee Ginzo, na kisu chake kilishafika: kifupi, chenye korongo, springi ngumu, sawa na kile cha mfukoni mwa Baba. Nikarudi nyumbani, nikamenya kaki zilizobaki, nikanyamaza. Baba atakiona mwenyewe kesho.