Wimbo Niliouimba Mbio

Siku albamu ilipotoka, kundi letu la mashabiki kwenye simu lilijaa shangwe. Mimi nilinuna. Mwimbaji wetu wa jukwaani kachukua nyimbo za filamu za watoto akaziimba upya, na ule niliokuwa nikimlalishia mwanangu kauburuta kama mtu anayesinzia.

"Kauharibu!" nikawaandikia wenzangu. "Wimbo huu ni wa mbio. Naujua kama kiganja changu."

Binti yangu, ambaye siku hizi tunashona naye chumba kimoja, aliposoma ujumbe huo aliacha vifungo vyake akacheka mpaka akashika mbavu.

"Mama, hata kwenye filamu uko polepole hivihivi. Wewe ndiye uliyekuwa unaukimbiza, nilale upesi urudi kwenye cherehani yako."

Nikaufuta ujumbe haraka, lakini nilikuwa nimechelewa: watu wanne walikuwa wameshaniunga mkono, wapumbavu wale. Nikaondoa miguu kwenye kanyagio la cherehani.

"Haya, rudisha mwanzo."

Safari hii nilisikiliza mpaka mwisho. Kumbe wimbo una ubeti wa pili, na binti yangu alikuwa anaujua wote.