Kilomita za Makalio

Wandera hakujua kuendesha baiskeli. Alikuwa na miaka hamsini na mbili, baiskeli yake ilikuwa na miaka kumi na tisa, na katika muda huo wote hakuwahi kuipanda hata kufika mlango wa choo.

Hakuna aliyejua. Kazi yake ilikuwa kupeleka magunia ya mahindi ya watu kutoka mashambani mpaka sokoni Navakholo, na mtu mwenye magunia mawili juu ya keria haendeshi, anasukuma. Akienda na mzigo alisukuma. Akirudi bila mzigo alisukuma pia, na watu wakasema maskini, amechoka. Asubuhi yuko barabarani na baiskeli, jioni yuko barabarani na baiskeli. Ungeuliza Navakholo nzima ni nani anayeijua baiskeli, ungeonyeshwa Wandera. Pedali ya kushoto aliing'oa mwaka wa kwanza kwa sababu ilikuwa inamgonga muundi. Watu wakadhani imeibwa, wakamhurumia.

Basi siku Mchungaji Titus aliposimama mbele ya kanisa akauliza nani atalibeba jambo hili, vichwa vyote viligeukia benchi moja.

Jambo lenyewe lilikuwa zahanati. Haikuwa na taa. Mama wa mwisho kujifungua pale usiku alishonwa na mkunga Immaculate aliyekuwa ameuma simu yenye tochi kwa meno, na katikati ya kushona simu ikaita. Sasa Lynette, binti wa pekee wa Wandera, alikuwa na mimba ya miezi minane. Hezekiah Osundwa, mzaliwa wa Mayoni, si mbali na hapo, anayeuza mabati Nairobi, alikuwa ameona kwenye simu yake wazungu wakiendesha baiskeli kwa ajili ya hisani, akapendezwa. Akaahidi shilingi elfu tano kwa kila kilomita ambayo mtu mmoja aliyechaguliwa na kanisa hilo angeendesha. Navakholo mpaka Kisumu na kurudi ni kilomita mia na arobaini. Hiyo ni laki saba, na bei ya sola na betri zake ilikuwa laki saba kamili.

Wandera akainua mkono ili akatae.

"Ameinua mkono!" akapaza sauti Mchungaji Titus, na kwaya ikaanza kuimba kabla mdomo wa Wandera haujafunguka. Jescah, mke wake, alikuwa analia kwa furaha. Mtu atasema nini hapo?

Alikuwa na wiki mbili. Alijaribu mara nne katikati ya miwa, mahali ambapo hakuna wa kumwona, akaanguka mara nne. Nyumbani alisema amepigwa teke na ng'ombe. Jescah akataka kujua ni ng'ombe wa nani huyo wa kupiga mtu kila siku, na Wandera akaacha kwenda kwenye miwa.

Siku moja kabla ya safari alipeleka baiskeli kwa fundi Wanzala, arudishiwe pedali.

"Kiti bado kina plastiki ya dukani!" Wanzala akaita majirani. "Njooni muone! Miaka kumi na tisa! Huyu mtu anajuanga kutunza vitu."

Majirani walikuja, wakagusa plastiki, wakasifu.

Asubuhi ya safari alitokea mwanamke juu ya pikipiki ya kukodi, ana daftari.

"Mulembe, mzee. Naitwa Cherono. Bwana Osundwa amenituma nihesabu."

"Uhesabu nini?"

"Kilomita. Makalio kwenye kiti, magurudumu yakizunguka barabarani. Hiyo ndiyo kilomita, na imeandikwa hapa. Mengine ni matembezi."

Wandera alishika usukani akaanza kusukuma.

"Hupandi?" Cherono akauliza.

"Nasalimia watu kwanza."

Akasalimia watu kwa kilomita tatu. Watu walipokwisha, akaendelea kusukuma tu. Kwaya ilikuwa nyuma kwenye pikapu, na minong'ono ikaanza, mpaka Mchungaji Titus alipokata shauri na kutoa kichwa dirishani. "Ananyenyekea!" akatangaza. "Ndugu zangu, mtu huyu angeweza kupaa kama mshale, lakini ananyenyekea!"

Neno hilo liliwachoma watu. Vijana waliokuwa wanamsindikiza kwa baiskeli waliona aibu kukaa juu wakati bingwa yuko chini. Mmoja akashuka, wa pili akashuka. Msafara ulipoingia mjini Kakamega ulikuwa watu arobaini wanaosukuma baiskeli arobaini, na hakuna hata mmoja aliyepanda. Mama mmoja wa mboga aliuliza kama kupanda baiskeli kumekatazwa barabarani.

Walisimama kwenye kituo cha petroli. Cherono alifungua daftari akamwonyesha mchungaji. Kilomita ishirini zilikuwa zimepita, na kwenye ukurasa kulikuwa na sufuri moja, kubwa, ameizungushia kalamu mara mbili.

"Mzee," akasema, "kesho nikirudi Nairobi na hii, hakuna sola."

Wandera alimwona Lynette akilini, na Immaculate na simu yake mdomoni.

"Sijui," akasema.

"Hujui nini?" Mchungaji Titus akauliza.

"Kuendesha. Sijawahi."

Khaemba, mwimba besi, alicheka. Alicheka peke yake, akaona hivyo, akaacha. Jescah alishuka kwenye pikapu polepole.

"Baba Lynette. Mimi nimekwenda kanisani kwa miguu miaka kumi na tisa. Mama Maurine anabebwanga kwa keria. Mke wa Wanzala, na mumewe ni mlevi, anabebwanga. Nikajiambia, huyu mwanaume ananionea haya."

"Sikukuonea haya."

"Sasa ulinyamazia nini?"

"Niliona afadhali unione mbaya kuliko unione mjinga."

"Basi leo nimekuona vyote viwili," Jescah akasema. Halafu akamgeukia Cherono, ambaye alikuwa amefunga daftari. "Dada, nisomee tena hiyo sheria yako."

Cherono akasoma. Makalio kwenye kiti. Magurudumu yakizunguka. Barabarani.

"Haijasema nani anazungusha?"

Cherono alisoma kimyakimya. Aligeuza ukurasa, akaugeuza tena. Akapiga simu Nairobi, akaeleza kwa dakika tano, akasikiliza kwa sekunde mbili.

"Bwana Osundwa yuko mkutanoni. Amesema nifuate kilichoandikwa." Akachomoa kalamu. "Haijasema."

Wanaume wanane wa kwaya walivua koti. Wawili walishika usukani, wawili walishika keria, wengine wangepokezana. Wandera aliinuliwa akawekwa juu ya plastiki kama bwana harusi, miguu imekunjwa isiguse pedali, na kwaya ikaanza kusukuma kwa mdundo wa wimbo wa ibada. Kilomita ya kwanza ya kweli ikaandikwa.

Sigalagala, wanafunzi wa politekniki walijipanga kando ya barabara. "Mzee ni mgonjwa?" mmoja akauliza.

"Ni bingwa!" Khaemba akamjibu huku anahema.

Kila mahali palipokuwa na kanisa palikuwa na maombi, na palipokuwa na maombi palikuwa na obusuma, yaani ugali, na kuku, na mgeni hawezi kupita chakula kilichopikwa kwa jina lake. Wandera alikataa kushuka, maana kupanda tena kulimtisha kuliko njaa, kwa hiyo alikula juu ya kiti huku ameshikwa huku na huku. Firigisi, kwa heshima ya mkubwa, ilikuwa yake. Walipofika Majengo alikuwa amekula firigisi sita, na kwaya ikaanza kusema amekuwa mzito.

"Imani, mzee!" Mchungaji Titus alipaza sauti kutoka pikapu. "Hata mimi nimechoka!"

Siku ya tatu walipita Kiboswa. Pale barabara inaanza kuteremka kwenda Kisumu, na hakuna aliyekuwa amelifikiria hilo. Watu waliokuwa wakisukuma walijikuta wakivutwa. Besi iliachia kwanza. Teno mbili zikafuata, viatu vikabaki kwenye lami. Wa mwisho kushika keria alisema, "Bwana akulinde," akaachia.

Wandera alikuwa peke yake.

"Breki!" kwaya ikapiga kelele.

"Breki ni ipi?"

Jibu halikumfikia. Upepo ulimjaza shati. Lori la miwa alilipita, na dereva wake akampigia honi kwa heshima. Jambo la ajabu ni kwamba hakuanguka. Kwa kuwa hakuwa na nafasi ya kufikiri, mwili ulifanya wenyewe: ukiinama kulia, unageuza kidogo kulia. Ni hilo tu? Miaka kumi na tisa, na ni hilo tu? Cherono alikuwa kando yake kwa pikipiki, skafu inapepea, anapaza sauti. "Thelathini na tisa! Arobaini! Kaa kwenye kiti, mzee! Arobaini na moja!"

Mamboleo kuna soko. Kulikuwa na meza ya nyanya, na mwenye meza alikuwa na akili, akakimbia mapema.

Walipomchomoa, plastiki ya kiti ilikuwa imeshikana na suruali yake.

"Mpaka kwenye nyanya makalio yalikuwa kwenye kiti," Cherono akasema. "Naandika."

Kutoka hapo mpaka mjini Kisumu, kisha njia yote ya kurudi, alisukumwa. Usukani ulikuwa umepinda, na ile barabara inayoteremka vizuri ukienda ni ukuta ukirudi. Wakafika Navakholo siku ya saba. Kwaya ikalala chini kwenye uwanja wa mpira, yote, kama nguo zilizoanikwa. Cherono akajumlisha.

"Mia na ishirini. Zile ishirini za mwanzo zilikuwa matembezi."

Laki moja haipo. Mchungaji Titus aliwatazama waimbaji wake, akaona hawezi hata kuwaomba. Fundi Wanzala alinyoosha usukani kwa goti. Wandera alimtazama Lynette, aliyekuwa ameketi juu ya ndoo akishika kiuno, kisha akaichukua baiskeli, akavusha mguu.

Alianguka. Alipanda tena, akakanyaga pedali ya kulia, akakanyaga ile ya kushoto iliyorudishwa na Wanzala, na baiskeli ikaenda, ikiyumba, kama mtu anayetafuta funguo. Cherono alipima uwanja kwa pikipiki: kilomita ishirini ni mizunguko hamsini. Wandera alianguka kwenye wa tatu, wa nne na wa kumi na moja. Kutoka wa ishirini kwaya ilianza kumshangilia wakiwa wamelala. Kwenye wa arobaini na tisa Jescah aliingia uwanjani akasimama mbele yake.

"Simama."

"Sijui kusimama!"

Akamkimbilia kando, akaishika keria, akaruka juu yake kwa upande kama Mama Maurine. Baiskeli ikalia. Ikaenda. Wakamaliza wa hamsini wakiwa wawili, na kilomita zikawa mia na arobaini.

Sola ilifungwa baada ya siku tisa. Lynette alijifungua mtoto wa kike siku ya kumi, saa nane mchana, jua kali. Immaculate aliwasha taa zote hata hivyo.

Iligharimu hivi. Meno mawili ya mbele ya Wandera. Kreti tatu za nyanya na meza moja, alizolipa kwa kusukuma magunia mwezi mzima bila kula nyama, nayo nyama alikuwa haitaki tena. Kuku kumi na saba wa watu wengine. Jozi sita za viatu vya kwaya. Sauti ya Khaemba, wiki tatu. Plastiki ya kiti, yote. Na kila Jumapili, kilomita tatu kwenda kanisani na tatu kurudi, Jescah kwenye keria, kilo themanini na nne.