Vipimo vya Wanakwaya

Mdogo wangu tunamwita Mkasi, kwa ajili ya ulimi wake wala si kwa ajili ya ushonaji. Tuna cherehani mbili kwenye chumba kimoja, na kwa miezi minne nilimbembeleza tuhifadhi vipimo vya wateja mtandaoni, kama mjukuu wangu muuguzi alivyonifundisha. Unapiga picha ukurasa wa daftari, unaituma, inakaa huko. Simu ikifa, picha haifi.

"Huko ni wapi?" ananiuliza. "Nionyeshe kabati lake."

"Ni kwenye kompyuta za watu, mbali."

"Watu gani hao wanaotaka kujua kiuno cha mke wa mchungaji?"

Nikavuta subira. Mwishowe alinichoka, akasema haya piga, ila usinisumbue tena. Nikapiga kurasa zote.

Jumatano jagi la maji ya kunyunyizia nguo za pasi likamwagikia daftari. Wino ukachuruzika wote. Wanakwaya thelathini na sita, sare zao zinatakiwa Jumamosi, na kitambaa hakijakatwa hata kimoja. Mkasi alishika kichwa. Mimi, Mungu anisamehe, nilifurahi kidogo.

"Leo utaniheshimu," nikamwambia.

Nikatoa simu. Ni mpya, ile ya zamani ilikufa mwezi uliopita, ila laini ni ileile. Ikaniuliza nywila. Nywila nilikuwa nimeiandika mahali pa uhakika kabisa: nyuma ya daftari lilelile.

Mkasi alicheka mpaka akakaa chini. "Dada! Umefunga mlango, ufunguo umeuacha ndani!"

Nikampigia mjukuu kazini kwake.

"Bibi, bonyeza palipoandikwa umesahau nywila. Watakutumia namba kwenye laini yako."

Namba ikaja. Nikaibonyeza polepole, tarakimu moja moja. Ikaniambia muda umekwisha. Nikaomba nyingine. Hiyo ikapita, sasa inataka nywila mpya. Nikaandika jina langu, ikasema ni dhaifu. Nikaandika la marehemu mume wangu, dhaifu pia.

"Shemeji? Hapo hawajakosea," akasema Mkasi.

Kidogo tu niitumbukize simu kwenye jagi. Mara ya sita ikakubali. Kurasa zote zipo, na kidole gumba changu pembeni mwa kila moja.

Mkasi alichukua daftari jipya, akaanza kunakili kutoka kwenye simu yangu: kifua, mabega, urefu. Nikamtazama roho ikiniuma. Miezi minne ya maneno, na bado tuko kwenye daftari! Nikaanza kukata vitambaa.

Saa kumi jioni akanisogezea daftari, limefunguliwa ukurasa wa kwanza.

"Haya, piga. Na hicho kidole kiweke mbali. Nywila nitaitunza mimi."